Claude Rains: Aliyebadilika kwa Niaba ya Steringi

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza anaijua sheria ya kwanza ya sinema: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atafungiwa ghalani pamoja na baruti, lakini dakika za mwisho utamwona anatokea moshini, shati limechanika kidogo tu. Sheria hiyo haikutungwa Manzese wala Kariobangi. Ilikuja na mikanda yenyewe kutoka Hollywood, na ilikuja na pacha wake ambaye hatumsemi sana: steringi habadiliki. Akiingia mwema, atatoka mwema. Akiingia mkali mwenye moyo laini aliouficha, atatoka hivyo hivyo, ila moyo utakuwa umeonekana.

Sasa hadithi ambayo hakuna mtu anayebadilika ndani yake si hadithi, ni maonyesho ya mavazi. Lazima awepo wa kuubeba mzigo huo: mtu wa kusaliti halafu ajute, wa kuuza roho yake halafu ajaribu kuikomboa, wa kupenda akaangamia. Hollywood ya miaka ya 1930 na 1940 iliwatwisha kazi hiyo waigizaji wa safu ya pili, wale ambao majina yao yaliandikwa chini ya jina la filamu na kwa herufi ndogo zaidi. Katika safu hiyo sijamwona aliyeifanya vizuri kuliko Claude Rains, Mwingereza mfupi, mwenye jicho moja linaloona vizuri na sauti iliyotengenezwa kwa jasho. Nitakwenda mbali kidogo: filamu zake tatu zinazopendwa kuliko zote, Mr. Smith Goes to Washington, Casablanca na Notorious, ni hadithi za mtu wa pembeni, na hao walioko mbele kwenye mabango ni wasindikizaji.

Wengi hulieleza jambo hili kwa kipaji peke yake, lakini lilikuwa na sababu ya kibiashara. Studio kama Warner Bros. na MGM ziliwafunga waigizaji kwa mikataba iliyofika miaka saba, na walichouza kwa watazamaji kilikuwa sura na tabia inayofahamika. Mtu alinunua tiketi ya James Stewart ili amwone James Stewart. Ukimgeuza awe mla rushwa kwa filamu moja, umeharibu bidhaa ya filamu kumi zijazo. Mwigizaji wa safu ya pili hakuwa na bidhaa ya kulinda. Rains angeweza kuwa mfalme mwovu mwezi huu, daktari mpole mwezi ujao, na Napoleon wa Tatu mwezi unaofuata, na hakuna ambaye angedai kurudishiwa hela yake.

Alizaliwa kusini mwa London tarehe 10 Novemba 1889, katika familia iliyozoea kuzika watoto wachanga. Baba yake, Fred Rains, alikuwa mwigizaji na baadaye mmoja wa watu wa mwanzo katika sinema za Uingereza, lakini usifikirie jina hilo lilileta mkate mezani. Mtoto alikua na lafudhi nzito ya Cockney, lafudhi ya mitaa ya walalahoi wa London, na juu ya hapo ulimi wake haukuiweza herufi r. Kwa mtu anayeitwa Rains, hiyo ni dhihaka ya kuzaliwa nayo. Alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi hivi, kisha akaajiriwa kwenye ukumbi wa His Majesty's, kazi yake ikiwa ni kukimbia korido za nyuma na kugonga milango kuwaita waigizaji zamu yao ikifika.

Mwenye ukumbi alikuwa Herbert Beerbohm Tree, mmoja wa vigogo wa tamthilia wa enzi hiyo. Tree alikiona kitu kwa huyu kijana wa kugonga milango, akatoa pesa zake mwenyewe ili afundishwe kutamka. Rains alifanya mazoezi mpaka ile sauti ya kwao ikazikwa kabisa na nyingine ikaota juu yake: nzito, laini, yenye mkwaruzo kidogo, inayotoa kila silabi kana kwamba inaipima kwanza. Watu wengi husikia sauti ile na kudhani wanasikia tabaka la juu la Uingereza. Tabaka la juu halina haja ya kujifunza namna hiyo. Anayeongea hivyo ni mtu aliyelisikiliza tabaka hilo kutoka nje ya mlango, akalinakili vizuri kuliko lenyewe. Nadhani ndiyo maana wakuu wake wote, maseneta na makamanda na wanabenki, wana kitu cha kuigiza ndani yao, kama watu wanaoogopa kugunduliwa.

Ikaja vita. Mwaka 1915 alijiunga na kikosi cha London Scottish, ambacho kwa bahati ya ajabu kilikuwa na vijana wengine waliokuja kuwa majina makubwa ya Hollywood, akiwemo Ronald Colman na Basil Rathbone. Huko Vimy, kaskazini mwa Ufaransa, gesi ya sumu ilimwondolea karibu uwezo wote wa kuona kwa jicho la kulia. Aliingia jeshini askari wa kawaida akatoka kapteni. Kuhusu jicho hakutangaza. Mtazame kwenye filamu yoyote: hutamshika. Anageuza kichwa kidogo kumtazama anayezungumza naye, na sisi tunakiita kiburi, au werevu, au dharau ya kistaarabu.

Baada ya vita alifundisha kwenye chuo cha tamthilia cha RADA, na kati ya waliopita mikononi mwake ni John Gielgud na Charles Laughton. Fikiria: mtoto wa Cockney asiyeweza kutamka jina lake anamfundisha Gielgud, ambaye baadaye dunia nzima ilimhesabu kuwa na sauti nzuri kuliko zote za jukwaa la Kiingereza. Kisha akavuka bahari kwenda New York, akafanya kazi na kundi la Theatre Guild, na angeweza kabisa kuzeekea jukwaani bila sisi kumjua.

Sinema ilimpata akiwa na miaka 43, umri ambao vijana wa sura nzuri wa Hollywood walikuwa tayari wanaanza kusahauliwa. Studio ya Universal ilikuwa ikitafuta mtu wa kuigiza mwanasayansi Griffin katika The Invisible Man ya 1933, na mwongozaji James Whale alitaka sauti kwanza, sura baadaye. Baadaye sana, tena. Kwa karibu filamu nzima Rains amefungwa bandeji na miwani myeusi, au hayupo kabisa, ni koti linalotembea na kiti kinachosogea chenyewe. Uso wake unaonekana kwa sekunde chache mwishoni, juu ya kitanda cha hospitali, baada ya kufa. Huyu ndiye mwigizaji pekee ninayemjua aliyejulikana Marekani nzima kabla hajaonekana.

Binti yake, Jessica, alisimulia kisa kinachoonyesha kazi ile ilivyomng'ang'ania. Miaka mingi baadaye baba yake alimpeleka kuiona filamu hiyo, amejifunika kofia na skafu kwa sababu ya baridi. Alipofungua mdomo kuomba tiketi, mkatisha tiketi akaijua sauti palepale, akataka kuwaingiza bure. Rains akakataa, akalipa bei kamili.

Warner Bros. wakamchukua, na kazi zikafuatana: Prince John katika The Adventures of Robin Hood ya 1938, amevalishwa wigi jekundu, anachezea maneno yake kama paka na panya, Napoleon wa Tatu katika Juarez ya 1939, ambako Bette Davis alikiri baadaye kwamba siku ya kwanza kukutana naye alimwogopa kikweli. Hizi ni kazi nzuri. Lakini kazi inayoufungua mlango wa hoja yangu ilifanyika nje ya Warner, alipoazimwa na Columbia kwa Frank Capra.

Katika Mr. Smith Goes to Washington, ya 1939, Rains ni Seneta Joseph Paine, mzee wa heshima ambaye vijana wa jimbo lake wanamwabudu. James Stewart ni Jefferson Smith, kijana mshamba anayeingizwa Seneti kujaza kiti kilichoachwa wazi, kwa kuwa wakubwa wanaamini hataona kitu. Ziko dakika chache ndani ya treni ya kwenda Washington ambazo kwangu zinabeba filamu yote. Smith anamkumbusha Paine urafiki wake na marehemu baba yake, mhariri wa gazeti aliyeuawa kwa sababu ya kumtetea mchimba madini mmoja mdogo dhidi ya kampuni kubwa. Anasimulia kwa sauti ya kijana anayejivunia babake: walimkuta ameinamia meza yake, kofia bado kichwani. Stewart anaongea, ila mtazame Rains. Anatikisa kichwa kwa upole, anajibu maneno mawili matatu, na usoni mwake kinapita kitu ambacho Smith hakioni na sisi tunakiona: mtu anakumbushwa alivyokuwa kabla hajajiuza. Hakunji uso. Anatazama pembeni tu, na unajua kila kitu.

Baadaye Smith, aliyegundua ufisadi ambao Paine anaulinda, anasimama Seneti kwa karibu saa 24 akizungumza bila kukaa, Paine anaagiza vikapu vya telegramu za kumpinga viletwe ukumbini, kijana anazishika kwa mikono miwili na kumgeukia mzee huyo, kisha anaanguka. Kisha mlio wa bastola nje ya ukumbi, Paine anang'ang'aniana na watu wanaomzuia asijiue, halafu anaingia mbio akipiga kelele kwamba yeye ndiye asiyestahili kukaa pale. Wahakiki wengi wamelalamika kwamba mwisho huo ni wa ghafla mno, mla rushwa hageuki hivyo. Kwa karatasi, wana haki. Lakini Rains alikuwa ameuanza mwisho huo ndani ya treni, saa moja na nusu kabla. Smith, kwa upande wake, ameanguka alivyokuwa amesimama: mwaminifu, mkaidi, hakuna kilichobadilika ila sauti imekauka. Ushindi wake wote unategemea dhamiri ya mtu mwingine kupasuka.

Hapa wengi watanikatiza na Casablanca. Rick, mwenye baa anayeigizwa na Humphrey Bogart, habadiliki? Anaanza akisema hahatarishi shingo yake kwa ajili ya mtu, anamaliza akimwachia mpinzani wake mwanamke anayempenda na kiti cha ndege. Hayo si mabadiliko?

Turudi kwenye faili lake. Mapema kabisa kwenye filamu, mkuu wa polisi wa Casablanca, Kapteni Louis Renault, ambaye ni Rains, anamtajia Rick historia yake: mwaka 1935 alipeleka silaha Ethiopia, mwaka 1936 alipigana Hispania upande wa waliokuwa wakipambana na wafashisti. Yaani kabla hata kisa hakijaanza tumeshaambiwa kwamba Rick ni mtu wa mapambano aliyeumizwa na mapenzi akajifungia ndani. Mwishoni anatoka nje, basi. Anarudi alikokuwa. Anayevuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, bila historia yoyote ya kumsaidia, ni Renault.

Na Renault tunamjua. Hakuna mtu wa Dar, Nairobi au Bujumbura anayehitaji kuelezwa afisa wa aina hii: msafi, mcheshi, anakuita rafiki, anakula kwako na bado anakuchangisha. Kuna sehemu ambayo anaamriwa aifunge baa ya Rick, na Rick anauliza kwa sababu gani. Renault anajibu kwa mshangao mkubwa kwamba amegundua humu ndani watu wanacheza kamari. Palepale mfanyakazi wa meza ya kamari anamsogelea na kumkabidhi noti: hela alizoshinda. Renault anashukuru kwa sauti ya chini, anazitia mfukoni, halafu anarudi kupaaza sauti ya kuwatoa watu nje. Angalia mpangilio wa sauti ile: juu, chini, juu tena. Mwigizaji mwingine angekonyeza macho ili tujue ni mzaha. Rains hakonyezi. Renault haoni ubaya wowote katika kushangaa na kupokea kwa wakati mmoja, na hapo ndipo kicheko kinapotoka.

Lakini hapa nina ugomvi kidogo na filamu, na kidogo na Rains pia. Renault anauza vibali vya kutoka Casablanca, na wanawake wakimbizi wasio na hela wanalipa kwa miili yao. Ofisi ya Joseph Breen, iliyokuwa ikidhibiti maadili ya filamu za Hollywood, ililazimisha jambo hilo lipunguzwe mpaka likabaki dokezo. Dokezo lenyewe liko wazi. Mke kijana kutoka Bulgaria anamjia Rick kumuuliza kama Renault ni mtu wa kutimiza ahadi, na Rick anamwokoa kwa kumpangia mumewe ashinde kwenye gurudumu la kamari, namba 22 mara mbili mfululizo. Mwondolee Renault tabasamu la Rains na unabaki na mnyanyasaji. Haiba ya mwigizaji inamfulia mtu huyu nguo zake mbele yetu, nasi tunacheka. Sidhani kwamba Rains hakujua. Nadhani alijua kwamba waovu wengi wanaodumu madarakani ni watu ambao ungependa kunywa nao kahawa.

(Nikiwa bado na manung'uniko: filamu hii maarufu kuliko zote zenye jina la mji wa Afrika ilipigwa karibu yote ndani ya studio huko Burbank, California, na Wamorocco wenyewe ni mapambo ya ukutani. Iliandaliwa onyesho lake la kwanza New York tarehe 26 Novemba 1942, majuma machache tu baada ya majeshi ya Marekani na Uingereza kutua Afrika ya Kaskazini. Vita iliifanyia matangazo ya bure.)

Mwisho wa Casablanca unajulikana hata na wasioiona. Rick amempiga risasi meja wa Kijerumani mbele ya Renault. Gari la polisi linafika, askari wanashuka, Renault anawatazama, anamtazama Rick, na kimya kinadumu zaidi kidogo ya kinavyostahili. Kisha anawaamuru wakawakamate watuhumiwa wale wale wa kila siku. Ni amri ile ile ya kivivu aliyoitoa tangu mwanzo wa filamu, ila sasa imegeuka kuwa uasi. Anamimina maji, anaona chupa imeandikwa Vichy, jina la serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wanazi na anayoitumikia yeye, anaitupa kwenye pipa la taka na kulipiga teke. Bogart muda wote huo kasimama na koti lake. Kazi ya Bogart ilikwisha ndege ilipowasha injini. Filamu ilikuwa bado inamsubiri mtu mwingine aamue.

Notorious, ya 1946, ndiyo ninayoithamini zaidi, na ndiyo inayoniweka mbali na wanaomwona Rains kama mchekeshaji mwenye adabu. Alfred Hitchcock alimpa Alexander Sebastian, Mnazi tajiri aliyejificha Rio de Janeiro na wenzake, wakificha madini ya urani ndani ya chupa za mvinyo. Ingrid Bergman ni Alicia, jasusi wa Marekani anayeagizwa amtege Sebastian kwa mapenzi mpaka aolewe naye. Cary Grant ni Devlin, mwenzake katika kazi hiyo, anayempenda lakini hawezi kulisema.

Hitchcock alifanya jambo la kikatili: alimpa adui mapenzi ya kweli na kumpa steringi mdomo mzito. Devlin anamtuma mwanamke anayempenda kitandani kwa mtu mwingine kisha anamdharau kwa kwenda. Sebastian anampenda Alicia wazi, anamwonea wivu wazi, anamwoa kinyume na matakwa ya mama yake. Ukiondoa siasa zake, na huwezi kuziondoa, huyo ndiye mume bora zaidi katika filamu hiyo.

Urefu nao uliingia katika hadithi. Rains alikuwa na takriban mita 1.68, Bergman alimzidi. Hitchcock alieleza kwamba kwenye picha za karibu ilibidi Rains asimamishwe juu ya sanduku, na walipotakiwa kutembea pamoja kuelekea kamera, alitengenezewa ubao ulioinuka taratibu apande akitembea. Studio nyingi zingejitahidi kuificha tofauti hiyo na kuishia hapo. Hapa inabaki kama harufu: mume anayejinyoosha ili amfikie mkewe, na mama anayemtazama toka juu. Mama huyo aliigizwa na Leopoldine Konstantin, ambaye kwa miaka ya kuzaliwa alimzidi Rains kwa mitatu hivi tu. Sinema haijali cheti cha kuzaliwa, na Rains anageuka mtoto mbele yake bila shida yoyote.

Sebastian akishagundua, kwa ufunguo uliopotea kwenye pete yake na kurudi, kwamba mkewe ni jasusi, anaingia chumbani kwa mama yake alfajiri na kuketi kwenye kiti kama mgonjwa. Anasema ameoa wakala wa Marekani. Mama anaketi kitandani, anawasha sigara, na unaona kabisa kwamba anafurahi. Amerudishiwa mwanawe. Wanakubaliana kumuua Alicia polepole kwa sumu ndani ya kahawa. Rains katika sehemu hii hajaongeza ukatili hata chembe. Ni mtu aliyechoka, aliyeaibika, anayeogopa wenzake wakijua, na anayekubali kumuua anayempenda kwa sababu mama amesema ndiyo njia. Ukimwona hivyo unaogopa zaidi kuliko ungeogopa mpiga kelele.

Mwishoni Devlin anamshusha Alicia mgonjwa kwenye ngazi za jumba, Wanazi wamesimama chini wanatazama, na Sebastian amebanwa katikati: akipiga kelele wenzake watajua amewaleta jasusi nyumbani, akinyamaza mkewe anaondoka. Anashuka nao. Anawasindikiza mpaka kwenye gari. Anaomba apewe nafasi na yeye apande, na Devlin anafunga mlango kwa kufuli. Huyu ndiye steringi wetu, anamwacha mtu akauawe. Sauti kutoka mlangoni inamwita Sebastian ndani, wanataka kuzungumza naye, naye anageuka na kuzipanda ngazi. Hitchcock hakuwafuata wapenzi kwenye gari lao. Alibaki na Rains.

Kwa kazi hiyo alitajwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi, kwa mara ya nne. Mara ya kwanza ilikuwa Mr. Smith, akashindwa na Thomas Mitchell; ya pili Casablanca, akashindwa na Charles Coburn; ya tatu Mr. Skeffington ya 1944, akashindwa na Barry Fitzgerald. Mara hii aliyeshinda ni Harold Russell, askari aliyepoteza mikono yote miwili na ambaye hakuwa mwigizaji wa kazi, kwa filamu ya The Best Years of Our Lives. Sina kinyongo na Russell, na nani angekuwa nacho. Ila nalitazama pambano lile na kuona majeruhi wawili wa vita, mmoja ambaye jeraha lake dunia yote iliona, na mwingine aliyelificha kwa miaka 30.

Mr. Skeffington inastahili neno zaidi kuliko inavyopata. Rains ni Job Skeffington, mwanabenki Myahudi aliyeoa mrembo asiyempenda, ambaye ni Bette Davis. Anaachwa, anakwenda Ulaya, anaangukia mikononi mwa Wanazi, na anarudi kutoka kambini akiwa kipofu, wakati ambapo mkewe ugonjwa umemfuta urembo wote. Njama ya hadithi ni ya machozi ya bei nafuu. Lakini yule kipofu anayepapasa njia yake ni mtu anayejua kukosa jicho ni nini, na haombi chochote kutoka kwako.

Lazima pia nilikubali lile linaloipinga hoja yangu, au pengine linaithibitisha. Alipowekwa mbele, mambo hayakwenda. Mwaka 1945 ilitoka Caesar and Cleopatra, filamu ya Uingereza iliyotokana na tamthilia ya Bernard Shaw, pamoja na Vivien Leigh. Ilikuwa ghali kuliko zote zilizowahi kutengenezwa nchini humo hadi wakati huo, na Rains hutajwa mara nyingi kuwa mwigizaji wa kwanza kulipwa dola milioni moja kwa filamu moja. Pesa zote hizo, na Caesar wake ni sanamu nzuri. Anazungumza vizuri, anasimama vizuri, na hakuna kinachompata. Ukimweka Rains katikati na kumwambia awe mkubwa, unamnyang'anya kile alichokijua: kuwa mtu aliyepungukiwa.

Jukwaa lililijua hilo kuliko studio. Mwaka 1951, akiwa na miaka 61, aliigiza Rubashov katika Darkness at Noon huko Broadway, mwanamapinduzi mkongwe aliyefungwa na mapinduzi yake mwenyewe, akapata tuzo ya Tony ya mwigizaji bora. Mhusika mkuu, ndiyo, lakini mkuu aliyevunjwa. Tuzo kubwa kuliko zote aliyopata maishani haikutoka kwa watu wa sinema.

Nyumbani alitaka kuwa mkulima. Alikuwa na shamba kubwa Pennsylvania, na kati ya filamu alirudi huko kushughulika na mifugo. Alioa mara sita, jambo ambalo sina uchambuzi wake. Kwenye Lawrence of Arabia ya 1962 ni Dryden, afisa wa Kiingereza Cairo anayejua siri zote na kuzisema nusu, na kati ya wakubwa wote waliojazana kwenye jangwa lile yeye peke yake anaonekana hajawahi kushangazwa na chochote. Kazi yake ya mwisho ya sinema ilikuwa Mfalme Herode, katika The Greatest Story Ever Told ya 1965. Alifariki New Hampshire tarehe 30 Mei 1967, akiwa na miaka 77. Chuo cha Oscar hakikumpa hata ile tuzo ya heshima inayotolewa kwa wazee kuomba radhi.

Kwa asiyemjua, ningeshauri aanze na Notorious, kisha Mr. Smith, na Casablanca aiache ya tatu, akishajifunza kumtazama mtu wa pembeni. The Lost World ya 1960 usiiguse, labda kwa kicheko: Rains kapakwa nywele na ndevu nyekundu, anawakimbia dinosaria ambao ni mijusi hai waliobandikwa mapezi. Mijusi wanacheza vibaya sana. Yeye anawatazama kwa jicho lake moja kama anavyomtazama Ingrid Bergman, na kwa sekunde mbili tatu unakaribia kuwaamini.